Majani ya Ijumaa

Kufikia saa tisa alasiri Kemuma alikuwa amekagua makapu arobaini na mawili ya majani chai, na kila alipopitisha kapu alimtupia jicho Obwocha, karani wa mizani, akimtafutia kosa. Alihitaji kosa moja tu. Barua mbili za onyo alikwisha kumpa. Ya tatu ilikuwa mfukoni mwa koti lake, imepigwa chapa, imebaki kujazwa sababu na tarehe. Barua ya tatu ni kufukuzwa kazi, na mzee huyo alibakiza miezi minane apate pensheni.

Hilo alilijua vizuri. Ndiyo raha yenyewe.

Alipopewa umeneja wa kituo cha kununulia majani, mwanzoni mwa mwaka huo wa sabini na tatu, alipelekwa Kericho kwa kozi ya wiki mbili, akafundishwa kanuni tatu. Sikiliza kwanza. Usimwagize mtu kazi usiyoweza kuifanya mwenyewe. Onyo lolote liwe kwa maandishi. Wenzake walisinzia, yeye aliandika kila neno, maana alikuwa na mtu wa kumwandikia onyo. Mwaka wa sitini na sita Obwocha alimwaga kapu la mama yake, Nyamoita, matopeni mbele ya foleni nzima, eti majani ni magumu, hayafai kiwandani. Mama alipiga magoti akaokota jani moja moja, na watu wakacheka.

Leo ilikuwa Ijumaa, na lori la kiwanda halikuwa limefika. Majani yalianza kupata joto; yakikaa hivyo huungua, na kiwanda huyakataa. Ukitia mkono kapuni ni kama kwenye uji uliopoa nusu. Akina mama, wengi wao Wasabato, walilitazama jua kila mara. Likizama, Sabato imeingia, na hakuna atakayebaki kituoni.

Karibu saa kumi na moja ikaja Peugeot nyeupe. Akashuka Abner, ofisa wa majani kutoka kiwandani, viatu vinang'aa. Akatia mkono katika kapu la kwanza, akautoa upesi.

"Haya yameungua. Mwaga yote, Madam. Uandike karani alichelewa kupima."

Moyo wa Kemuma uliruka kwa furaha. Kosa limeletwa hadi mlangoni! Akaichomoa ile barua.

"Na lori je?" Rispa, mmoja wa akina mama, alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Asubuhi tumeliona limejaa mbao, linapanda nyumbani kwako!"

"Mama, nenda nyumbani. Sabato inaingia," Abner akasema, akitabasamu.

Kemuma alimvuta Obwocha kando. Sikiliza kwanza.

"Una la kujitetea, mzee?"

"Sina, Madam. Ijumaa lori huchelewa hivi kila mara. Wakubwa wa kiwandani wanajua leo watu hawangoji kuuliza."

"Na kapu la mama yangu?"

Obwocha alitazama chini. "Nalikumbuka. Niliambiwa nimwage kapu moja kila siku, watu waogope. Sikuambiwa la nani. Nikachagua la mjane, kwa sababu hana wa kuniuliza."

"Nani alikuambia?"

Mzee akamwonyesha Abner kwa kidevu.

Kemuma hakumsamehe mzee. Angeweza kumzaba kofi pale pale. Lakini barua aliirudisha mfukoni.

"Mbona mmesimama?" Abner akafoka. "Nimesema mwaga!"

"Ndiyo, bwana. Tumefundishwa meneja asiagize kazi asiyoiweza mwenyewe." Akashika ukingo wa kapu kubwa kuliko yote. "Shika huko, mzee. Na ujue bado nakuchukia."

"Najua," Obwocha akasema, akashika.

Walilibeba hadi kwenye Peugeot. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Wakalipindua lote juu ya kiti, majani ya moto, mabichi, yanayonuka, yakafunika gia na usukani.

Abner alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Atawaita polisi. Atawafunga. "Wewe mwanamke, umefukuzwa! Leo hii!"

"Kwa maandishi, bwana, na mara tatu," Kemuma akasema. "Hiyo naihesabu ya kwanza."

Alijua Jumatatu kiti chake kitakuwa na mtu mwingine. Nyuma yake akina mama walikuwa wamepanga foleni upya kuelekea Peugeot, Rispa mbele, kila mmoja na kapu lake kiunoni. Jua lilikuwa bado juu kidogo ya kilima.

"Kapu linalofuata!" akaita.