Hodi Asilimia Tisini na Nane

Orodha ya mbegu haikutoka. Ilitakiwa itoke Jumatatu, tarehe 3 Novemba 1986, kabla ya saa nane mchana. Jumatatu ya pili ilifika mashine bado inaihesabu, na bila orodha hakuna lori lililoruhusiwa kubeba hata gunia moja la mbegu za pamba kutoka stesheni ya Isaka.

Mashine ninayosema ni kompyuta ya chama chetu cha ushirika, Shinyanga mjini. Ilikuwa kubwa kama makabati mawili ya nguo. Ilikaa peke yake kwenye chumba chenye kiyoyozi, na meneja mwenyewe alijipepea kwa faili. Umeme wa mji ulikuwa haueleweki, kwa hiyo mashine ilipewa jenereta yake, na jenereta ilipewa mimi. Niliishia darasa la nne. Baada ya hapo nilikaa miaka kumi na tisa kwenye jineri, penye mashine za kuchambua pamba, na mengine ninayoyajua niliyapata huko.

Aliyeiendesha kompyuta alikuwa Mwahija binti Akida. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alipelekwa Dar es Salaam miezi sita kujifunza, akarudi. Aliishi Ngokolo na mama yake aliyepooza upande mmoja, ambaye kila Alhamisi alipelekwa hospitali kunyooshwa mkono na mguu. Kwa sababu hiyo Mwahija hakutaka kazi nyingine yoyote nje ya mji, hata kwa cheo kikubwa zaidi. Kila mtu ofisini alilijua hilo, na meneja pia.

Meneja alikuwa Bwana Kalisti. Kila asubuhi kompyuta ilitoa karatasi moja inayoonyesha ubongo wake, huo wanaouita prosesa, umetumika kiasi gani tangu jana, na programu ipi imeutumia. Hiyo karatasi Bwana Kalisti aliipenda kuliko barua kutoka wizarani. Aliibandika ubaoni, karibu na bango la kuhimiza kazi, ili makarani waione wakisaini.

Karatasi ya wiki ile ilisomeka hivi kila siku: HODI, asilimia tisini na nane. ORODHA, asilimia moja. Mengineyo, asilimia moja.

ORODHA ilikuwa programu ya mbegu: vijiji 288, kila kimoja na magunia yake na lori lake. HODI ilikuwa programu ya Athanas, mtaalamu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam mwezi wa saba, akakaa wiki tatu, akaondoka. Athanas aliipa programu yake cheo cha juu. Ikitaka ubongo, nyingine zote husubiri.

"Umeona mfanyakazi?" Bwana Kalisti alimwambia Mwahija mbele ya makarani, kidole kipo kwenye tisini na nane. "Halali, haendi chai, hana msiba. Sasa tazama hii yako. Moja! Hata mlinzi wangu anafanya kazi zaidi ya moja."

"Hiyo ndiyo inamnyima nafasi mwenzake, Bwana Meneja. Tuisimamishe kwa saa nne tu."

"Nimsimamishe anayefanya kazi ili nimpe nafasi mvivu?"

"Mwaka jana orodha ilitoka kwa saa tatu na kidogo. HODI ilikuwa haijaja."

"Mwaka jana mashine ilikuwa mpya." Akampa siku. Orodha ikiwa haijatoka Jumatano tarehe 12, Mwahija angekabidhi ufunguo wa chumba na kwenda kupima pamba Mhunze, kule Kishapu.

Madereva walikuwa wamelala chini ya malori yao uani tangu Jumanne ya kwanza. Makoye, dereva wa lori la mbele, alikuwa akinisalimia kila asubuhi kwa Kisukuma, mwangaluka, halafu anauliza swali lile lile.

"Baba Tabu, ubongo umeamka?"

"Umeamka."

"Umesema nini?"

"Haujasema."

"Basi huo ni ubongo wa mjomba wangu."

Mimi jina langu ni Abdu, lakini mtoto wangu wa kwanza anaitwa Tabu, na mji mzima unaniita hivyo.

Nilikuwa na redio ndogo ya betri. Chumba cha jenereta kilikuwa na kelele, kwa hiyo taarifa ya habari nilikuwa nakwenda kuisikilizia dirishani kwa Mwahija. Redio ikiwa pale, karibu na mashine, ilikuwa inakoroma. Mwaka mzima nilidhani ni betri. Jumanne ile, tarehe 11, nilikuwa nimetia betri mpya, na bado ilikoroma. Nikaacha kusikiliza habari, nikasikiliza mkoromo.

Ulikuwa mlio mmoja. Titititititi, haupandi wala haushuki, kama cherehani inayoshona nguo isiyokuwepo.

Kwenye jineri, mashine inayochambua pamba haina mlio mmoja. Ikimeza inaguna, ikibanwa inalia, ikitema mbegu inapumua. Ukisikia mlio mmoja mrefu ulionyooka, ujue hakuna pamba ndani. Msumeno unazunguka, mkanda unazunguka, makaa yanaungua, na mbele ya mashine kuna hewa. Mgeni akiingia atasema mashine hiyo ndiyo inayokwenda vizuri kuliko zote, maana ndiyo inayokwenda kasi.

"Mwahija," nikamwambia, "mashine yako inazunguka tupu."

"Shikamoo kwanza, Baba Tabu."

"Marahaba. Inazunguka tupu."

Akacheka. "Imetumika asilimia tisini na nane. Ungesema imechoka ningekuelewa."

"Kutumika sijabisha. Njoo usikie."

Akaja, akainama kwenye redio. Nikamwambia aisimamishe ORODHA kidogo. Akabonyeza, ikasimama. Mlio haukubadilika hata chembe. Akairudisha. Mlio ule ule. Hapo aliacha kucheka. Akafungua kabati, akatoa makaratasi aliyoyaacha Athanas, yale yenye maandishi ya programu yenyewe, akayatandaza mezani. Mimi siyasomi yale. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili.

"Inauliza ghala," akasema. "Ghalani kwa Gregory kuna skrini, imeungwa na waya unaopita uani. Mzigo ukiingia, Gregory anaandika pale, na huku tunapokea. Sasa HODI kazi yake ni kuuliza: Ghala, upo? Kuna jambo?"

"Ghala likijibu?"

"Inapokea, inanyamaza mpaka saa nyingine."

"Lisipojibu?"

Akafuata mstari kwa kidole. "Inauliza tena."

"Mara ngapi?"

Akaufuata tena mstari ule. "Haikuandikwa mara ngapi. Mpaka ajibiwe."

"Na akingoja jibu anakaa wapi? Hakai kwanza?"

"Hakai. Anauliza papo hapo. Maelfu ya mara kwa sekunde moja."

Mtu akifika mlangoni kwako anapiga hodi. Husikii, anapiga ya pili. Anapiga ya tatu. Kimya, anaondoka, anakwenda kwenye shughuli zake, atarudi jioni. Huo ndio utaratibu, mtoto wa miaka mitano anaujua, Mwislamu na Mkristo. Athanas aliipa programu yake jina la hodi akasahau utaratibu wake. Alikuwa ameweka mlangoni mtu asiyejua kuondoka, akampa cheo cha juu, na nyumba nzima ikasimama kumsikiliza.

Nikaenda ghalani. Gregory, mtunza ghala, alikuwa amekaa juu ya magunia matupu anakula muhogo. Skrini yake ilikuwa imefunikwa kanga.

"Hii inafanya kazi?"

"Hiyo? Tangu Agosti haifanyi. Lori lilirudi nyuma likakata waya. Niliandika barua."

"Ulimpa nani?"

"Niliweka kwenye trei ya meneja. Mpaka leo nasubiri."

Kwa hiyo nilimwendea Bwana Kalisti, nikamweleza yote, waya, hodi na redio. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Halafu akasema, "Baba Tabu, wewe ni mtu wa dizeli."

"Ndiyo."

"Athanas ana shahada. Wewe unaniambia nimzime kwa sababu redio yako inakoroma."

"Twende ghalani ukaone waya."

"Waya nitaagiza. Lakini siwezi kugusa programu ya Athanas bila barua yake. Nimempigia simu mara mbili, wanasema yuko safarini Zambia. Na wewe unataka kesho karatasi ya ubaoni isome ngapi? Mkoa wanakuja Ijumaa."

Hapo nikaelewa. Hakuwa anasubiri orodha kama sisi. Namba ya ubaoni ilimtosha.

Jioni hiyo mvua ilinyesha Isaka. Habari ililetwa na treni asubuhi: turubai zilizokuwepo zilifunika theluthi mbili ya magunia, yaliyobaki yalilowa.

Jumatano saa nne asubuhi nilikwenda dirishani kwa Mwahija. Nikamuuliza mashine ikizimika ghafla inakuwaje.

"Ikiwaka inaanza upya. Naandika HODI kwa mkono kwanza, halafu ORODHA. Ndivyo alivyoagiza."

"Usipoiandika HODI?"

"Haiamki."

"Na ORODHA imefika wapi?"

"Kijiji cha mia na tisini. Itapotea yote, itaanza kijiji cha kwanza."

Tukatazamana. Hakuniambia nizime, wala mimi sikumwambia nitazima. Nilirudi chumbani kwangu nikafunga bomba la dizeli. Jenereta ikakohoa, ikafa. Nikahesabu dakika kumi kwa saa ya mkononi, nikafungua bomba, nikawasha.

Niliporudi dirishani alikuwa ameshaandika neno moja tu. Redio ilikuwa inaguna. Inapanda, inashuka, inabanwa, inatema. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu niondoke jineri.

Orodha ilitoka kwa saa tatu na dakika ishirini. Vijiji vyote 288. Makoye aliichukua karatasi yake, akaipindua kuangalia nyuma kama kuna kitu kingine, akasema, "Hii tu?" akapanda lori. Hawakusubiri kuche, waliondoka magharibi ile ile.

Alhamisi asubuhi mashine ilitoa karatasi yake ya kila siku. Prosesa ilikuwa imetumika asilimia kumi na nne. Baada ya ORODHA kumaliza haikuwa na kazi nyingine, ikakaa kimya kama inavyostahili mtu aliyemaliza.

Bwana Kalisti hakuibandika. Alimwita Mwahija, na mimi nikaingia bila kuitwa.

"Kumi na nne," akasema. "Mashine ya chama imezurura siku nzima."

"Orodha imetoka, Bwana Meneja," Mwahija akasema. "Ulinipa mpaka Jumatano."

"Orodha nimeiona. Nauliza HODI iko wapi."

Nikasema, "Aliyezima jenereta ni mimi. Kama kuna barua, iandike kwa jina langu."

"Kuzima si kosa, jenereta huzimika. Yeye ndiye aliyewasha na hakuirudisha." Akachukua kalamu. "Huyo ndiye aliyeacha mali ya chama bila kazi."

"Bwana Meneja, ile tisini na nane ilikuwa inagonga mlango wa ghala lisilo na waya."

"Ilikuwa inafanya kazi," akasema, akaandika.

Wageni wa mkoa walikuja Ijumaa. HODI ilikuwa imerudishwa, na karatasi ubaoni ilisoma tisini na nane. Mmoja wao aliisifu.

Gharama yake nimeihesabu mwenyewe. Siku zilizopotea ni tisa. Jenereta ilikwenda usiku na mchana saa 218, lita tano kila saa, mapipa matano na nusu ya dizeli. Isaka yalishuka magunia 1,860. 640 yalilowa na mbegu zikaota humo humo. Vijiji 97 vilipata pungufu. Vijiji kumi na vitatu vya Kishapu, vilivyokuwa mwisho kwenye orodha, havikupata hata gunia, na mwaka ule vilipanda mtama. Waya wa ghala ulikuwa mita sitini. Ulifika Februari.

Mwahija alipewa barua moja, akakabidhi ufunguo mmoja, akaenda Mhunze kupima pamba kwa mzani wa kuning'iniza. Mama yake alipelekwa huko na lori la Makoye, juu ya godoro. Mhunze hakukuwa na wa kumnyoosha mkono. Alhamisi alizokosa mpaka anafariki zilikuwa thelathini na moja.

Kwangu hakuna kilichochukuliwa.