Kiti cha Fundi Chapchap

"Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka," Mama Kuku alikuwa akimwambia dada yangu kutoka ng'ambo ya ua, mikono kiunoni. "Wewe, jirani, umeumwa, umepona, halafu umemfuata nyoka shimoni umwombe aje akutandikie kitanda."

Dada alikuwa anaanika nguo. Alitoa kibanio mdomoni, akabana shati la mumewe kwenye kamba, ndipo akajibu kwamba nyoka huyu anamjua meno yake. Anayemtisha ni nyoka mgeni.

Hapo alimgusa penyewe, maana nyoka mgeni alikuwa mkwe wa Mama Kuku. Mtaa mzima ulijua kwamba mume wa binti yake anaezeka nyumba, na tangu kuta zetu mpya zilipofika usawa wa madirisha mama huyu alikuwa akituletea mayai ya bure. Mama Kuku hatoi yai bila kukiona kifaranga ndani yake. Basi akalia kwamba Fundi Chapchap ndiye aliyeezeka nyumba iliyoungua, na mwenye akili timamu hamrudishi. Dada akasema mwenye akili timamu angeondoa rundo lake la kuni kwenye ua wa mwenzake kabla upepo wa kilimani haujaanza. Mama Kuku akaapa kwamba kuni zake hazijawahi kuchoma nyumba ya mtu.

"Bado," akasema dada, akaokota beseni lake akaingia kwenye kibanda chetu cha muda.

Mimi nilibaki pale uani kumpoza jirani, kwa kuwa mayai nilikuwa nayapenda, na kwa kuwa nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kuwa na siri huku Mama Kuku amesimama mbele yako ni sawa na kushika kaa la moto kiganjani.

Mtaa wetu umelala chini ya kilima. Huko juu ni nyasi na vichaka mpaka ukingoni, na kiangazi kikikolea havina tofauti na makaratasi. Moto ukiwaka kule, miali yenyewe hukwama kwenye barabara ya kilimani. Cheche hazijui barabara. Zinapanda upepo, zinatua juu ya mapaa, zinatafuta tundu. Ndiyo maana hapa kwetu mtu akijenga hatuulizi ana vyumba vingapi, tunauliza nani kamwezekea.

Kiangazi kilichopita cheche zilishuka mtaa mzima, lakini nyumba iliyoungua ni ya dada peke yake, tena ikianzia juu. Shemeji yangu, ambaye ni fundi cherehani, aliingia kumtoa mama yake aliyekuwa mgonjwa kitandani. Dari ikawashukia. Ubao uliokuwa ukiwaka ulianguka juu ya mama, naye akaunyanyua kwa mikono mitupu. Mama alitoka mzima, yuko kwa binti yake hadi leo, anamwombea mwanawe usiku na mchana. Vidole vya shemeji vilijikunja vikabaki hivyo hivyo. Havishiki sindano. Kisu hakikai mkononi. Cherehani yake imekaa pembeni imefunikwa shuka kama maiti, na hakuna anayethubutu kuifunua.

Watu walisema ni bahati mbaya. Fundi Chapchap alikuja kutupa pole, akaketi mkekani, akalia kuliko wenye msiba, akasema moto hauna adabu. Tena tulimpa chai.

Siku chache baadaye dada alikuwa akichakura majivu akitafuta sufuria zake, akafika kwenye kona ambapo ukuta uliangukia upenu na kuuzima. Chini ya matofali akakuta kipande cha gunia, kimepakwa rangi nyekundu, rangi ile ile ya mabati yetu.

Bati lina migongo, na kila mgongo unapokutana na ukuta huacha tundu. Tundu hilo huzibwa kwa saruji na vipande vya mawe, na penye kupitisha hewa huwekwa wavu wa waya wenye macho madogo. Ni kazi ya kuchosha, kidole kwa kidole. Chapchap aliyashindilia magunia makuukuu, akapitisha brashi ya rangi juu yake, akashuka. Na sisi tukamsifu jinsi alivyomaliza upesi. Alikuwa ametuzungushia utambi nyumba nzima, kama taa ya mafuta, akatuacha tumngoje wa kuwasha.

Dada alilifua lile gunia, akalikausha, akalikunja, akaliweka chini ya mto. Alinionyesha mimi tu. Nilimwambia twende polisi. Akasema huko atakana, wakimbana atalipa, na akishalipa atarudi kwake ale ashibe.

"Sitaki alipe," akasema. "Nataka aogope."

Sasa, Chapchap alikuwa na majivuno yake, na mtaa wote uliyajua. Kila akimaliza paa husimama kileleni, nyundo mkononi, na kutangaza: "Moto ukija, mtanikuta humu ndani, nakula." Watoto walikuwa wakimwigiza wakiwa juu ya mawe. Hata kwetu alisema hivyo. Moto ulipokuja alikuwa mtaa wa chini, kwenye kivuli, akicheza bao.

Kuta mpya zilipokamilika dada alijifunga kitambaa kizuri, akanichukua, tukaenda duka la vifaa vya ujenzi. Mafundi hukaa pale mlangoni juu ya mifuko ya saruji wakingoja kazi na kusengenya wateja. Dada aliwapita wote, mkwe wa Mama Kuku akiwemo, akasimama mbele ya Chapchap. Jamaa akachanua. Akamwambia amefanya la busara, paa linamjua mwenyewe. Dada akamtajia kwa sauti anachotaka: saruji kila mgongo wa bati, wavu kila penye hewa, kofia ya paa pale kileleni izibwe mwanzo hadi mwisho. Kila neno yeye alijibu "bila shaka, mama". Mwishowe dada akamuuliza kwa upole, na moto ukija?

Chapchap akacheka, akatoa majivuno yake yote bila kupunguza hata neno.

"Mmesikia?" dada akawauliza mafundi. Wakasema wamesikia.

Kazi ilipoanza, dada aligeuza uwanja wa mbele kuwa baraza. Alitoa viti, akatenga birika kubwa, akawaambia majirani waje waone paa likipanda. Usiniulize kama nilifurahi. Watu walijaa asubuhi hadi jioni, habari za mitaa mingine zikafika zikiwa bado na mvuke, na shemeji akakaa katikati yao mikono yake imefunikwa na shuka mapajani. Juu, Chapchap aliziba migongo ya bati kama mtu anayepamba keki. Aliichonga saruji, akaipapasa, akainama nyuma kuitazama. Watu wakaanza kusema labda amebadilika.

Lakini ule ulikuwa upande wa barabarani. Upande wa nyuma unatazama kilima, na huko kuna tangi la maji na banda la Mama Kuku tu. Fundi alipohamia nyuma, nyundo ikabadilika sauti. Ikaanza kukimbia. Nilisimama nikamwone, dada akanifinya paja mpaka nikakaa. Haukupita muda Mama Kuku akaingia mbio, kitenge kinamwanguka, akamvuta dada jikoni. Nilikwenda kuongeza sukari isiyohitajika, nikasikia: jamaa anashindilia magunia. Amemwona kwa macho yake, alipokuwa bandani akiokota mayai.

Dada alimshukuru, akamwomba alifungie neno hilo mdomoni mpaka kazi ikabidhiwe. Akamwambia pia kwamba akifanya hivyo, ataliona jambo ambalo atalisimulia mpaka azeeke. Mama Kuku alinyamaza. Sijawahi kuona mtu akiteseka vile. Alizunguka uwanjani na kikombe chake, midomo imebana, kama mtu mwenye jino bovu.

Siku ya kukabidhi, viti havikutosha. Mafundi wa dukani walikuja wote, dada aliwaalika. Chapchap akasimama kileleni, akainua nyundo, akatangaza kwamba moto ukija tutamkuta humu ndani, anakula. Watu wakapiga makofi. Akashuka ngazi akitoa meno yote, dada akammwagia maji ya kunawa, akampa kitambaa cha kujifutia.

Alijifuta vidole, akajifuta viganja. Akafika kwenye mkunjo wa mwisho, akaona rangi nyekundu.

Dada hakupaza sauti. Hakuhitaji, maana uwanja mzima ulikuwa umeacha kutafuna.

"Hilo ni gunia lako, fundi. Lilibaki kwenye kona ya chumba alichoungulia mume wangu."

Dada akaendelea kummwagia maji japo mikono ilikuwa imeshatakata.

"Sikupeleki popote. Umesema mwenyewe, mara mbili, mbele ya wenzako. Moto ukija tutakukuta humu ndani." Akamwonyesha kupitia mlango ulio wazi. Kando ya kiti cha shemeji palikuwa na kiti kingine, kimeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma. "Kile ni chako. Nimekiweka upande wa kilima. Usipokuja kukikalia, gunia hili nitalitundika pale mlangoni pa duka la vifaa, na mimi nitakaa chini yake nikiwaeleza wateja ni la nini."

Mafundi wakatazamana. Na hapo ndipo Chapchap alipojimaliza mwenyewe, kwa jicho tu. Hakumtazama dada wala shemeji. Alitazama juu, nyuma ya nyumba, upenuni. Kila mtu akaona alikotazama.

Shemeji, ambaye siku hizi huongea kwa nadra, akasema taratibu, "Usihofu, fundi. Kama kazi ni nzuri, tutakula tu."

Asubuhi yake tuliamshwa na nyundo. Hakuna aliyemwita. Tukazunguka kupitia bandani kwa Mama Kuku, tukamkuta juu ya ngazi, anayachomoa magunia yake tunduni, moja baada ya jingine, na kuyadondosha chini. Mama Kuku alikuwa chini anayapokea kama mtu anayechuma matunda, akimshukuru kwa kila moja, akisema vifaranga vyake vimepata matandiko. Ulimi wake ulikuwa umefunguliwa, na mwenyewe alikuwa akiulipa fidia. Mtaa ulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Mkwe wake naye akaja akasimama na kikombe cha chai, akawa anamwelekeza. Hapo hujashindilia vizuri, mzee. Pale nyuma ya bomba umepasahau. Chapchap, mtu wa kumjibu hata mvua, alirudia pale alipoambiwa. Suruali yake ilikuwa saruji tupu magotini, na midomo yake ilikuwa ikitembea, sijui kwa kuapiza au kwa kusali. Alimaliza, akashuka, akapanda tena kuipitia kofia yote ya paa. Tangu jina lile limshike, hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoifanya polepole.

Nilidhani dada ameridhika. Nilimwambia sasa tumemwaibisha na nyumba imezibwa, tumwachilie. Alikuwa akimvisha mumewe shati, anamfunga vifungo kimoja kimoja. Akaniuliza kama mimi ndiye ninayefunga vifungo hivi kila siku.

Upepo ulikuja na vumbi jekundu, kisha harufu, kisha moshi ukasimama ukingoni mwa kilima kama ukuta. Wazee na watoto walipelekwa shuleni, mtaa wa chini. Sisi wengine tulibaki na ndoo na matawi mabichi, kama kawaida yetu. Dada alizivamia kuni za Mama Kuku, akazitupa barabarani gogo kwa gogo, na mwenyewe akaja kumsaidia. Halafu akanawa, akarudi jikoni kugeuza nyama.

Barabarani watu walikuwa wakibishana kama jamaa atatokea. Mkwe wa Mama Kuku alisema ameshavuka mto zamani. Mimi nilikuwa nimeshikilia gunia, tayari kulikimbiza dukani.

Alikuja kwa miguu, peke yake, na ndoo ya saruji mbichi mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, uso umepauka kwa vumbi. Wenzake walimfuata kwa mbali, kama watu wanaomsindikiza bwana harusi asiyetaka. Alipofika uwanjani cheche za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka juu ya bati, ta, ta, ta, kama mvua inayojaribu. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi, akaweka mguu, akasema aangalie kofia ya paa mara moja tu, kuna mahali hana hakika napo.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, kijiko kikubwa mkononi. Nyuma yake niliona meza, sahani zimefunikwa, shemeji ameketi, na kiti kitupu upande wa kilima.

"Shuka, fundi," akasema. "Utaliangalia vizuri ukiwa ndani."

Chapchap akatazama juu. Cheche moja ilitua upenuni, kwenye saruji yake, ikang'aa, na sote tukaitazama pamoja naye. Akaweka ndoo chini. Mwiko ulimtoka mkononi.

"Mume wangu hawezi kukata nyama," dada akasema, akimpisha mlangoni. "Leo utamkatia wewe. Ingia, karibu chakula, kisije kikapoa."