Mtu wa Bondeni

Mimi si mtu wa kuomba radhi. Nikikosea, napenda mwenzangu aone mwenyewe kwamba nimekosea, yaishe. Lakini mwaka huu nimeomba radhi mara moja, na niliyemwomba ni Mnyasa, mtu wa ziwani, tena mbele ya mke wangu. Nitaeleza ilivyokuwa.

Naitwa Tadei. Nalima kahawa, mahindi na maharage hapa Matiri. Shule niliiacha darasa la tano, baba alipoumia mgongo. Nje ya shamba kitu ninachokijua ni mpira. Niliichezea timu ya kijiji miaka kumi na tatu, na miguu ilipochoka wakanifanya meneja.

Uwanja wetu lazima niueleze, maana bila uwanja huo hakuna habari. Huku kwetu Wamatengo ni milimani, na sehemu tuliyoipata ya kuchezea imelala upande. Mstari mmoja uko juu, kando ya barabara. Wa pili uko chini, umepakana na shamba langu. Mpira ukiachwa katikati huteremka wenyewe. Kwa hiyo kila timu ya hapa huwa na mtu wa bondeni, ambaye hukaa upande wa chini vipindi vyote viwili. Kipindi cha kwanza anaweza kuwa kushoto, cha pili, timu zikibadilishana magoli, akajikuta kulia, lakini yuko bondeni tu, anaokota mipira inayoteremka na kuipandisha golini. Akipiga kwa upole, mpira unamrudia miguuni. Lazima aupige kweli. Nilikuwa mtu wa bondeni mimi, na mwanangu Joakim alipoota miguu nilimweka pale pale.

Shamba lililopakana na uwanja ni la ngoro, kama mashamba yetu yote ya mteremkoni. Ngoro ni mashimo ya mraba yaliyopangwa kama sega la nyuki, ili mvua isibebe udongo. Mwanaume anakata nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, na maharage yanapandwa juu ya tuta. Mwanaume akionekana anachimba ngoro, watu hucheka mpaka Jumapili.

Joakim alipata nafasi chuo cha ufundi huko Mbinga mjini, kusomea umeme. Kocha wa timu ya chuo anaitwa Mwalimu Meshack, Mnyasa wa Mbamba Bay, mtu mfupi asiye na haraka. Kila mtu alijua jambo moja kuhusu yeye: kwa miaka mitano vijana wake wanne walichukuliwa na timu za ligi. Timu kubwa hazimjui mtoto wa Matiri. Zinamjua Meshack, zinampigia simu. Nikasema basi, Joakim amefika mahali pake. Ana miaka miwili ya chuo. Asipoonwa ndani ya hiyo miwili, anarudi kwangu kulaza nyasi.

Mechi mbili za kwanza alicheza winga, na krosi zake zilikuwa aibu. Zilipita juu ya vichwa vyote, zikavuka uwanja mzima na kutoka upande wa pili. Watu wa upande ule wakawa wanashangilia kila akigusa mpira, wanajua wanaletewa.

Jumamosi moja Mwalimu Meshack akatokea kwangu na pikipiki, ameubeba mpira kwenye mfuko wa mbolea.

"Shikamoo mzee Tadei."

"Marahaba. Umepotea? Ziwa liko upande ule."

"Ziwa nimeliacha linalala. Nimekuja kuuona uwanja wa Joakim."

Nikampeleka. Akauweka mpira katikati, akauachia. Ukateremka taratibu, ukavuka mstari, ukaingia kwenye maharage. Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe," akasema. "Kijana wako anapiga krosi kama anampelekea mtu aliyeko ghorofani. Nilidhani ni kiburi."

Kisha akaniuliza kuhusu mtu wa bondeni, na nilipomweleza habari ya kushoto na kulia akaacha kucheka. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli Joakim amekuwa akibadilisha miguu hivyo tangu utoto. Nikamwambia ni kweli, kwani angebadilisha nini, kichwa?

Wiki iliyofuata akamfanya beki. Namba tatu.

Nilimpigia simu. Nilimwambia beki hafungi magoli, na asiyefunga hakuna wa kuandika jina lake. Nikamwambia pia kwamba Wanyasa wanajua kuvua usipa, mpira watuachie sisi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mzee, krosi inayovuka uwanja mzima, kwa winga ni kosa," akasema. "Kwa beki ni pasi. Nipe muda. Ila nakuomba kitu kimoja. Asicheze huko kwenu mpaka amalize chuo. Mlima uliomo mguuni mwake nimeutoa nusu. Akirudi kucheza huko utamrudia wote."

Nikasema sawa. Nilikuwa nasema tu.

Mwaka wa pili, Pasaka, Joakim akaja nyumbani. Tulikuwa na fainali na timu ya Mpepai, tunagombania mbuzi. Mtu wetu wa bondeni alikuwa na homa. Nikamwambia Joakim avae jezi.

"Mwalimu amenikataza, baba."

"Mwalimu ndiye aliyekuzaa?"

Akavaa. Alifunga goli moja, nikajiona mfalme. Dakika chache kabla ya filimbi akaufukuza mpira uliokuwa unatoka, akavuka mstari, mguu wake ukaingia kwenye ngoro ya mama yake. Tulisikia mlio tukiwa juu barabarani. Kifundo kikavimba kama boga.

Mbuzi tulimshinda na tukamla. Mke wangu Yuliana hakula. Aliweka sahani chini akasema, "Shimo nililichimba mimi. Aliyemtumbukiza ni wewe." Hakuongeza neno wiki nzima, na ninyi mlio na wake mnajua hilo ni kubwa kuliko kelele.

Wiki tatu baadaye timu ya chuo iliteremka Mbamba Bay kucheza na vijana wa mwambao. Habari zilikuwa zimeenea kwamba msaka vipaji wa timu moja ya ligi kuu, mzee aitwaye Eusebius, atakuwepo. Mechi hiyo moja tu, kisha anaondoka kwenda mikoa mingine. Mtihani wa mwisho wa Joakim ulikuwa Juni. Nafasi nyingine haikuwepo.

Nikampakia Yuliana kwenye pikipiki tukateremka. Ukiliona ziwa kutoka juu unadhani umefika, kumbe bado kona arobaini. Tulifika timu zinaingia. Uwanja ule uko karibu na maji, umenyooka kama meza. Joakim hakuwemo. Alikuwa benchi, kifundo kimefungwa bandeji.

Nikazunguka nyuma ya benchi. Mwalimu Meshack alikuwa amekaa na mzee mwenye kofia ya kahawia na daftari. Nikasimama nyuma yao kama mtu anayetafuta kivuli.

"Huyo wa benchi, namba tatu," mzee akauliza, "uliyeniambia kwenye simu. Vipi?"

"Kifundo cha kulia kibovu," Meshack akajibu. "Aliumia likizo, sijui kama kimepona vizuri, nitampa nusu saa tu. Pili, ana mazoea ya kuupiga mpira kwa nguvu mno. Nilikuwa nimeyatoa, yamerudi. Utayaona leo. Tatu, kichwa hana. Mipira ya juu humpita."

Mzee anaandika. Kila kitu anaandika. Sifa za mwanangu hata moja sijasikia. Sikusubiri kusikia zaidi. Nikaondoka pale kabla sijamshika mtu shati.

Mapumziko nikamfuata Meshack kwenye bomba la maji.

"Mwanangu amekukosea nini?"

"Shikamoo mzee."

"Usinisalimie. Nimekusikia. Mgeni amekuja kununua ng'ombe, wewe mchungaji unamwonyesha kidonda."

"Nimesema uongo gani?"

Yuliana alikuwa amenifuata, amesimama na khanga yake mabegani.

"Mwalimu," akasema, "umemwambia mgeni nani alimchezesha Pasaka?"

"Nimesema aliumia likizo, mama. Hayo mengine si ya mgeni."

Akanywa maji, akarudi kwa vijana wake. Yuliana akaniangalia. Nikaangalia ziwa.

Nitakuwa mkweli: wakati ule bado niliona amemmaliza mwanangu. Lakini ilinichoma kuwa angeweza kunitaja akajinasua, na hakunitaja.

Dakika ya sitini Joakim akaingia. Mpira wa kwanza aliougusa aliupiga kwa nguvu zote za Matiri. Ukavuka uwanja, ukavuka watazamaji, ukaangukia majini. Watu wa mwambao wakafurahi mno.

"Mmatengo amelisalimia ziwa," mmoja akapiga kelele. "Mwambieni huku hakuna mlima, apumzike."

Mvuvi mmoja akaingia majini kuuleta. Nikamtazama mzee Eusebius. Alikuwa anaweka alama kwenye daftari. Kasoro ya pili nikaiona mwenyewe: mpira wa juu ukaja, Joakim akaruka kama amebeba gunia, ukampita. Mzee akaweka alama nyingine. Nikasema moyoni, tutaondoka hapa na mtu wa kulaza nyasi.

Kisha akapata mpira upande wa kushoto, karibu na goli letu, watu wawili wamemkabili. Safari hii aliinua kichwa kwanza. Akaupiga kwa kushoto. Ukapanda, ukavuka uwanja wote, ukatua kifuani kwa winga wetu wa kulia aliyesimama peke yake kama mtu anayesubiri basi. Dakika chache baadaye wakamziba mguu wa kushoto, akageuka, akaupiga kwa kulia, kwa mguu ule ule wenye bandeji, ukafika mahali pale pale. Akafanya hivyo mara nne. Ya nne ilizaa goli, ingawa tulikwisha kufungwa mawili na mechi tulipoteza.

Baada ya filimbi mzee Eusebius akaomba kuwaona wazazi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatutazama miguu kwanza. Nadhani ni mazoea ya kazi.

"Kijana amejifunza wapi kutumia miguu yote miwili?"

"Bondeni," nikasema. Nikamweleza uwanja wetu. Akacheka kidogo.

"Meshack aliniambia hivyo hivyo, sikumwamini." Akafunga daftari. "Mzee mwenzangu, mimi nazunguka kwa makocha wengi. Karibu wote wana wachezaji wasio na kasoro. Nikiwachukua, kasoro nazikuta nyumbani. Huyu ananitajia ubovu kwanza. Leo amenitajia mambo matatu. Mawili nimeyaona kwa macho, la tatu limefungwa bandeji. Kwa hiyo aliponiambia kijana huyu ana mguu kushoto na kulia ambao haupo mkoa huu, nilikaa kusubiri. Angekuwa mtu mwingine, ule mpira wa ziwani ungeniondoa."

Akasema Joakim afanye mtihani kwanza, kifundo kipone, aende kwao Julai kwa majaribio ya mwezi mmoja. Yuliana alishika mkono wake kwa mikono miwili na hakuuachia mpaka nikamgusa.

Joakim alikwenda. Agosti akatupigia simu kwamba amesaini miaka miwili, namba tatu. Mama yake alilia. Mimi nilitoka nje nikaenda kuangalia kahawa, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulibeba debe la maharage na kahawa ya kukaanga tukateremka tena Mbamba Bay, maana chuo kilikuwa likizo na Mwalimu Meshack alikuwa kwa mama yake. Tulimkuta anaanika nyavu za kaka yake. Mama yake akatuwekea ugali na usipa. Nilikula. Ni samaki wazuri, nilikuwa nawasema bure.

Nilipomaliza nikanawa, nikasema niliyokwenda kusema. Kwamba nilivunja neno lake Pasaka. Kwamba kifundo kile ni changu. Kwamba nilimtukania kabila na kazi, naye akanifichia aibu mbele ya mgeni. Nikamwomba radhi.

"Yamekwisha, mzee," akasema.

"Hayajakwisha. Kijana ni wangu, lakini mimi nililaza nyasi tu. Aliyechimba ni wewe."

Yuliana akaziba mdomo kwa khanga. Mabega yanatikisika.

"Mwalimu, kwetu anayechimba ni mwanamke," akasema. "Baba Joakim amekuoa."

Meshack akacheka kama siku ile uwanjani. "Basi mahari si hili debe moja."

Nikamwambia tumekubaliana kijijini kuusawazisha uwanja, ili watoto wetu wasipate shida aliyoipata Joakim. Akaacha kucheka mara moja.

"Msiuguse. Miguu ile miwili imetoka huko, mimi sikuifundisha. Mlima nitautoa mwenyewe wakija kwangu. Ila yale mashimo ya pembeni, mzee, yazibeni."

Tulirudi nyumbani. Mvua zilipokaribia nikachukua jembe, nikaanza kufukia mstari wa ngoro uliopakana na uwanja, shimo moja baada ya jingine. Yuliana alikaa juu kwenye ukingo akinielekeza namna ya kulishika jembe. Waliopita barabarani walisimama wakacheka, wengine wakaita majirani zao. Nikawaacha wacheke.