Siku Faraj Alipotangulia

Mwaka ule ambao watu wa Mwambao walikuwa wakibishana mchana na usiku kama wawe na bendera yao wenyewe au wafuate ya Nairobi, Chama cha Pikipiki cha Kisauni kilikuwa na ubishi wake, nao ulikuwa mkali zaidi: nani atangulie.

Pikipiki zilikuwa saba. Kila Jumapili zilitoka kwa foleni, zikavuka daraja la Nyali, zikaenda mahali pa kunywea chai, zikarudi. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Idarus, aliyesomesha watoto Kurani chuoni siku sita na kuendesha pikipiki siku ya saba, kanzu imekunjwa hadi magotini na kufungwa kwa mshipi. Yeye ndiye aliyetunga sheria tatu za chama. Ya kwanza, asipitwe aliyetangulia. Ya pili, asiachwe aliyeharibikiwa. Ya tatu ndiyo iliyowatia vijana wazimu: ukimkuta njiani mtu aliyekuzidi umri, zima injini, shuka, umwamkie. Kupunga mkono hakukuhesabiwa.

Sasa Kisauni ina wazee wengi, na Mwalimu Idarus, kwa kuwa ndiye aliyetangulia, aliwajua wote. Hakuuliza hali tu. Aliuliza mguu umepoaje, mbuzi amezaa wangapi, na yule kijana aliyekwenda Lamu ameandika barua au bado. Nyuma yake watu sita walisimama juani wameshika pikipiki zao, wakitabasamu kwa adabu. Wallahi, kuna Jumapili walitoka nyumbani saa mbili asubuhi na adhana ya adhuhuri ikawakuta Makupa.

Aliyeteseka kuliko wote alikuwa Faraj, fundi wa cherehani, kijana wa miaka ishirini na sita. Pikipiki yake ilikuwa BSA kuukuu aliyoifungua na kuifunga mwenyewe mara nne, kila mara akabakiwa na skrubu moja mkononi. Kwa jinsi alivyoisifia mbio zake ungedhani imeshakwenda Makka na kurudi. Kwa wiki tano aliomba atangulizwe walau Jumapili moja. Mwombaji hachoki, akichoka keshapata.

"Mpeni nafasi atangulie," alisema Mwidani, dereva wa lori bandarini na mtani wake mkubwa. "Tukimkatalia atakuja kuisukuma ile BSA ndotoni."

Mwalimu Idarus akafikiri, akakubali. Yeye mwenyewe akaenda kukaa mwisho wa foleni. Safari ilikuwa ya Port Reitz, kutazama ndege zikitua.

Hapa sharti nieleze jambo moja, maana ndilo lililomgharimu Faraj. Mkewe, Mwanaima, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, binti aliyeitwa Johari. Kama ilivyo desturi, alikuwa amekwenda kulelewa uzazi kwa mamake, Bi Barke, huko Chaani, mpaka arobaini iishe. Arobaini ilikuwa inatimia Alhamisi. Ijumaa Faraj angekwenda na teksi kumchukua mkewe na mwanawe. Na nyumba ya Bi Barke iko kando ya barabara hiyo hiyo ya Port Reitz.

Jumapili ile Faraj alivaa miwani mipya ya vumbi, akajifunga skafu, akatangulia. Ah! Upepo ulimpiga kifuani, na mbele yake hapakuwa na kanzu ya mtu wala mazungumzo ya mbuzi. Makupa walipita bado asubuhi. Changamwe walipita watu wakigeuka kuwatazama. Nyumba ya mkwewe hakuisahau, haki yake tumpe. Aliamua tu kwamba atasimama wakati wa kurudi.

Walipoingia Chaani akaona mbele wanawake wanne wa buibui wametanda njiani, mmoja kainua mkono. Kwa mbali mabuibui ni mabuibui, na kwa miwani iliyojaa vumbi ndiyo zaidi. Faraj akadhani wanashangilia msafara. Akabonyeza honi mara mbili. Wanawake wakatawanyika kama kuku, pikipiki sita zikapita, na vumbi likawafunika.

Port Reitz walifika mapema mno hata hakuna aliyemhimiza muuza chai. Wakakaa kwenye nyasi nje ya ua wa uwanja, wakahesabu pikipiki, wakakuta ni sita. Ya Mwalimu haikuonekana.

"Amekutana na mtu mwenye mbuzi," alisema Mwidani, na wote wakacheka, Faraj kuwashinda.

Baada ya nusu saa Mwalimu Idarus akaja polepole, akazima injini, akashusha kanzu yake, akakung'uta vumbi. Hakuomba chai.

"Faraj."

"Labeka, Mwalimu."

"Pale Chaani ulimpigia nani honi?"

"Kulikuwa na wanawake wamejaa njiani, Mwalimu."

"Walikuwa wanne. Watatu siwafahamu vyema. Wa nne nimemwamkia, nikamwuliza hali, akanijibu kwamba hali yake nimwulize mkwewe."

Chai ilimpalia Mwidani ikamtokea puani. Faraj hakucheka. Kumpita mkwe bila salamu ni aibu, na kumtimulia vumbi ni aibu ya pili. Lakini kumpigia honi mama mkwe, kama mtu anayefukuza ng'ombe barabarani, hiyo hata jina haina.

Mambo yenyewe yalikuwa mabaya kuliko alivyodhani. Bi Barke alikuwa akitoka na jirani zake kumtazama mgonjwa. Aliposikia ngurumo na kuiona BSA mbele, moyo wake ulijaa. Aliwasimamisha wenzake, akamwambia Bi Dhahabu, mwenye ulimi mrefu kuliko wote pale mtaani, "Huyo mbele ni mkwe wangu. Ngoja umwone atakavyoshuka kuniamkia." Mkono ule ulioinuliwa ulikuwa wa majivuno. Na majivuno yakajibiwa kwa honi.

"Rudi sasa hivi umwombe radhi," alisema Mwalimu Idarus.

"Sasa hivi hasira zingali moto, Mwalimu. Nitakwenda Ijumaa na teksi, na kopo la halwa. Zitakuwa zimepoa."

"Radhi haiwekwi akiba, kijana."

Lakini Faraj aliona haya mbele ya wenzake, na haya ikivaa kiburi humkosesha mtu akili. Hakurudi. Jioni walipogeuza alikaa katikati ya foleni, akajikunja nyuma ya mgongo wa Mwidani, akapita mbele ya nyumba ya mkwewe kama mwizi.

Ijumaa alifika na teksi na halwa, kanzu imepigwa pasi.

"Hodi!"

"Nani?" sauti ya Bi Barke ikauliza nyuma ya mlango.

"Ni mimi, mama. Faraj."

"Faraj yupi? Siye twamjua mmoja, naye hupita tu, hasimami."

Mlango ukafunguka kwa kiasi cha mkono kupita. Mkono ukatoka, ukapokea halwa, ukarudi ndani, na mlango ukafungwa. "Mwanaima hatoki," ikasema sauti. "Mwanangu simpi mtu asiyemjua mamake." Faraj akarudi Kisauni katika teksi tupu, na dereva, ambaye si wa kulaumiwa, akamwuliza kama mgonjwa ameaga dunia.

Siku mbili zile alizijua. Chumba alikipaka chokaa kwa ajili ya mtoto, na sasa harufu ya chokaa ilimchoma. Chai ilikuwa chungu na chumvi ilikuwa nyingi, na wa kumlaumu alikuwa yeye mwenyewe. Tusifiche: alimtamani mkewe hata akaanza kuzungumza na cherehani. Alimtamani na mwanawe pia, ingawa huyo, ukitaka kweli, alikuwa bado hajamjua sawasawa.

Jumapili chama kizima kikaenda kuomba radhi. Mwalimu Idarus alitangulia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenung'unika aliposimama njiani. Walifika Chaani baada ya alasiri. Wakakaribishwa barazani, watu saba wamebanana kama maandazi kikaangoni, na Bi Barke akakaa ndani nyuma ya pazia. Faraj aliinamisha kichwa. Mkwe hamjibu mkwe ana kwa ana, kwa hiyo Mwalimu ndiye aliyesema.

"Bi Barke, tumekuja kwa unyenyekevu, kwa miguu yetu..."

"Kwa miguu, Mwalimu? Mbona mie nimesikia radi?"

Mwalimu akakohoa. "Kijana amekosa. Hakukuona. Ni miwani na vumbi."

"Kama miwani haioneshi, avaliani? Mie mzee wa miaka sitini namwona yeye, yeye kijana hanioni mie?"

Mwalimu aliyejua aya na hadithi zote alitazama dari. Mwishowe akasema, "Basi tuambie la kufanya, nasi tutalifanya."

Kisha Bi Barke akasema, na sauti yake sasa ilikuwa na kitu ambacho mtu mwenye masikio angekijua kuwa ni raha, "Niliaibika njiani, na nitengenezewe njiani. Na aanzie kule pembeni kwenye mnazi uliokatika. Azime hicho kidude chake. Akisukume mpaka hapa, na kila nyumba asimame aamkie. Kila nyumba, Mwalimu. Mie nitakuwa hapa nikisikiza."

Nyumba zilikuwa kumi na tisa. Njia ilikuwa mchanga mtupu, na BSA, mtu akiwa hajaikalia, ni mzigo kama jeneza la tajiri. Habari zilimtangulia, zikaenda mbio kuliko alivyowahi kwenda yeye. Alipofika kwenye mnazi wanawake wote walikuwa barazani, na wengine walikuwa wamekuja kwa jirani ili wapate kuamkiwa mara mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na nyumbani hawajambo? Ah, nimesahau, nyumbani hakuna mtu."

Alisukuma, akasimama, akaamkia. Jasho lilimtiririka mpaka skafu ikalowa. Bi Dhahabu alimwitikia kwa kumwambia kwamba sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na kwamba salamu ya kijana huyu imekwenda upande huo, kwa hiyo airudie. Akairudia. Mara ya tatu alisikia. Nyuma Mwidani na wenzake walitembea kwa adabu kama wasindikiza bwana harusi, na kila nyumba Mwidani aliuliza kwa upole kama mbuzi wa mwenyeji hawajambo.

Alipofika mlangoni kwa mkwewe aliisimamisha BSA. "Shikamoo, mama," akasema, na safari hii ilitoka moyoni, si kwa sababu ya sheria ya mtu. "Niwie radhi. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu."

"Marahaba, baba," alisema Bi Barke nyuma ya pazia. "Yamekwisha. Ndoo, ingia ndani unywe maji, usije ukanifia hapa nikaambiwa nimeua mkwe."

Barazani watu walishangilia. Chama kikawasha injini, maana jua lilikuwa linashuka na njia ya kurudi, kwa desturi ya Mwalimu, ilikuwa ndefu. Faraj akaingia chumbani kwa mkewe akitabasamu.

Mwanaima alikuwa amekaa kitandani, mtoto mapajani. Hakuinuka.

"Mama amekusamehe," alisema. "Sasa mimi?"

"Wewe nimekukosea nini, Mwanaima?"

"Jumapili ile nilikuwa dirishani. Pikipiki yako naijua kwa sauti tangu ingali Changamwe. Nikamvalisha mtoto, nikamwinua, nikamwambia, baba yako huyo anakuja." Akamfuta mtoto mdomo ingawa haukuwa na kitu. "Ukapiga honi, ukapita. Jioni nikamwinua tena. Ukapita tena, umejificha."

Faraj alifungua kinywa. Vumbi, miwani, aibu, wenzake, yote yalikuwa tayari ulimini, lakini Mwanaima hakumngoja.

"Siku arobaini," alisema Mwanaima, "Jumapili zilikuwa tano, na zote tano ulipita barabara hii ama hukuja kabisa. Umeingia humu mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa ukisikiliza injini nje. Mama yeye aliaibika mbele ya jirani. Mimi sikuaibika. Mimi niliumia."

Nje honi ililia. Alikuwa Mwidani. "Faraj! Mwalimu ana haraka leo! Muujiza haungoji!"

Faraj akatoka. Wenzake walimwona akiishika BSA, wakajipanga. Akaisukuma mpaka ukutani, akaiegemeza, akavua shingoni ile miwani na kuitundika kwenye usukani.

"Nendeni," alisema. "Mimi sina safari."

Mwidani alikuwa na neno la kumtania, lilionekana wazi mdomoni. Alimtazama usoni, akalimeza. Mwalimu Idarus alimwamkia kwa kichwa, mkubwa kwa mdogo, kisha pikipiki sita zikaondoka.

Faraj akarudi ndani, akakaa chini kwenye mkeka karibu na kitanda. "Nimekukosea," alisema. "Sina la kujitetea. Nataka urudi nyumbani, na nataka kumjua mwanangu."

Mwanaima akamkabidhi mtoto. Johari alipoiona ile sura na kusikia harufu ya petroli alikunja uso, akapiga kelele iliyosikika mpaka kwa Bi Dhahabu, sikio la kushoto na yote.

"Hakujui," alisema Mwanaima, na mkono wake ukanyooka kumchukua.

"Najua," alisema Faraj. Hakumrudisha. Akasimama naye, akaanza kutembea kutoka ukutani hadi mlangoni, mlangoni hadi ukutani, akimwambia polepole jina lake.