Damu Ikipatikana, Mfumo Unaganda

Tsigereda alizikaanga buni kwa hasira mpaka zikaungua upande mmoja. Alikuwa mwandishi wa programu kama wanaume wawili walioketi mbele yake, tena hodari kuwashinda, lakini katika ofisi yao pale mtaa wa Kazanchis zamu ya kahawa haikuwahi kumfikia mwenye ndevu. Na leo, juu ya kukaanga buni, yeye mwenyewe alikuwa akikaangwa.

"Programu ni yako," alisema Ato Girmachew, bosi. "Mfumo wa benki ya damu unaganda kila siku, wauguzi wanawasaka wachangiaji kwa simu zao wenyewe. Daktari mkuu atapiga simu kabla ya chakula cha mchana. Anataka jina la aliyeharibu."

"Kipande changu kinafunga mlango chenyewe kikimaliza. Tulikijaribu wote."

"Labda kinangoja malaika aje kukifungia," Nahom alicheka, mdomo umejaa bisi. "Dada Tsigi, kubali tu yaishe. Nani hakosei?"

Kipande chenyewe kilikuwa kile ambacho watu wa fani hukiita jenereta, ingawa hakinywi dizeli. Hufungua mlango wa kanzidata, hutoa jina la mchangiaji mmoja, kisha husimama palepale kikingoja kuambiwa: mwingine. Majina yakiisha, hufunga mlango. Milango ni michache. Yote ikishikwa, anayekuja nyuma hubisha hodi asijibiwe. Tsigereda ndiye aliyekiandika. Mzunguko wa kukiuliza majina uliandikwa na Nahom.

Alimimina mkono wa kwanza, yaani duru ya kwanza ya kahawa. Hawajaumaliza, mlinzi akaita kutoka chini kwamba gari la bosi limezibiwa njia. Girmachew akainuka, Nahom akamfuata na mdomo wake wa bisi. Hakuna aliyeaga.

Kahawa ni mikono mitatu, na wa tatu ndio wenye baraka. Tsigereda alikwisha ongeza maji kwenye birika la udongo. Akakaa akipepea makaa. Wangekunywa mpaka wa tatu, angezima moto. Wangesema "tumetosheka", angezima moto. Sasa amekaa na pepeo mkononi kama mjinga, hawezi kumwaga, hawezi kuosha, moto unakula makaa bure kwa ajili ya watu waliokwisha msahau.

Pepeo ikasimama hewani.

Aliruka hadi kwenye kompyuta na kufungua kazi ya Nahom. Naam! Mchangiaji anayefaa akipatikana, mzunguko unavunjwa hapohapo na muuguzi anapewa jina. Jenereta haiambiwi kitu. Kama Nahom angeitupa tu, mashine ingeizoa kama taka na mlango ungefungwa. Lakini Nahom alikuwa ameiweka kando, eti huenda akataka majina zaidi, na hakuirudia kamwe. Kila mgonjwa aliyepatiwa damu aliacha nyuma yake mlango umeshikwa.

Na siku ya majaribio? Walitafuta kundi la damu ambalo halikuwemo orodhani. Majina yaliisha, milango ikafungwa, wakapigiana makofi.

Damu ilikuwa ikisubiriwa, kwa hiyo alirekebisha kwanza: mstari mmoja wa kuiambia jenereta ijifunge mzunguko unapotoka, hata ukikatizwa njiani. Akauwasha mfumo upya. Ndipo akawageukia wale wawili waliokuwa wakiingia wakicheka.

"Mkono wa pili uko wapi?" Nahom aliuliza.

"Njoo usome hapa. Mgonjwa akikosa damu, mfumo wako unafanya kazi. Akipata, unaganda. Unaelewa ulichofanya, wewe?"

Nahom alisoma. Akaacha kutafuna bisi. "Niliiweka ili niirudie."

"Uliirudia?"

Nahom alirudi kwenye kiti chake.

"Imekaa hapo imeshika mlango, inakungoja! Kama mimi na birika lako."

"Haya, haya, si umeshatengeneza?" Girmachew alipoza. "Tumwambie daktari ni mtandao. Tusiaibishane."

"Ahaa! Asubuhi jina lilikuwepo. Langu lilikuwa jepesi ulimini, la Nahom limekuwa jiwe?"

Simu ikalia. Tsigereda akaibonyeza ili wote wasikie, akaisukuma mezani hadi chini ya kidevu cha bosi, wala hakuondoa mkono wake.

Girmachew alikohoa. Alimtazama Nahom, akatazama ule mkono. "Daktari... kosa lilikuwa kwenye sehemu ya Nahom. Tsigereda ndiye aliyeligundua, na amelirekebisha."

"Kweli, huku kumefunguka," sauti ilisema. "Mwambieni ahsante."

"Nimesikia," alijibu Tsigereda.

Nahom, macho chini, alisogeza kikombe chake kitupu kama kawaida yake. Tsigereda alikitazama. Akachukua pepeo, akaiweka juu ya magoti ya Nahom.

"Mkono wa pili na wa tatu ni zamu yako, kaka. Na ukishindwa kufika wa tatu, useme. Halafu zima moto."