Pikapu Isiyo na Kasoro

Pikapu ya sita ndiyo iliyokosa kasoro, na hapo ndipo Mama Pacha alipoanza kuwa na wasiwasi juu ya mumewe.

Zile tano za mwanzo zilikataliwa kwa haki. Ya kwanza walipofika waliikuta boneti yake ina joto. Nozo, wifi yake Mama Pacha, akaiwekea kiganja, akamwuliza muuzaji kwa nini injini imewashwa kabla ya wageni kuja, maana injini yenye joto huficha ugonjwa. Muuzaji akasema alikuwa ametoka dukani mara moja. Duka lenyewe lilikuwa ng'ambo ya barabara, linaonekana kutoka pale waliposimama. Ya pili ilitoa moshi wa bluu ukawafukuza uani. Ya tatu chesisi yake ilikuwa imevunjika ikachomelewa, kisha kidonda kikafichwa kwa rangi nyeusi. Ya nne ilikuwa inatema gia ya tatu, ukiitia inajitoa yenyewe. Ya tano ilikuwa ya kupendeza kwelikweli, viti vya ngozi na redio yenye kioo kikubwa, ila ilikuwa ya petroli, na mwenye nayo alipoambiwa kwamba wao wamefuata dizeli alijibu kuwa yote ni mafuta.

Nozo alikuwa dada yake Baba Pacha, fundi wa pampu za dizeli. Jina hilo alipewa na wateja, maana tangu alipoanza kazi alikuwa hazungumzi na mtu mpaka amalize nozo aliyoishika, kile kinywa cha kunyunyizia dizeli ndani ya injini. Siku za kwenda kuangalia magari alifunga karakana yake saa nne asubuhi, akaja na tochi, kitambaa na kipande cha boksi cha kulalia chini ya gari.

Haja ya pikapu ilitokana na mashine. Familia hiyo ilikuwa na mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, imefungwa juu ya trela la magurudumu mawili pamoja na injini yake. Msimu wa mavuno ukifika waliivuta kutoka shamba hadi shamba. Mama Pacha alilisha mbegu na kuchuja mafuta, Baba Pacha alisimamia injini, na mama mkwe, ambaye wote walimwita Bibi kwa ajili ya wajukuu, alikaa kwenye stuli na kupanga foleni ya magunia. Foleni ya Bibi haikuwa na rufaa. Pacha wenyewe walijiunga nao shule zikifungwa.

Misimu mitatu trela hilo lilivutwa na gari dogo la abiria. Nozo alisema mpaka akachoka. Mashine na trela lake vilikaribia tani moja na nusu, na kale kagari kalikuwa hakafikii hata tani. Kwenye tambarare mambo yalikwenda. Lakini mwaka uliopita, wakishuka mteremko wa machimbo ya kokoto, breki zilipata moto zikalegea, trela likaanza kulisukuma gari kwa nyuma, gari likageuka ubavu na vyote viwili vikaishia mtaroni. Mama Pacha alitoka na michubuko. Bibi alitoka na mkoba wake begani, akaulizia kandambili yake ya kushoto. Baba Pacha alivunjika mguu mahali pawili. Sasa alitembea na fimbo, na mguu ule wa kushoto haukuwa tena na nguvu za kukanyaga klachi. Kwa hiyo Mama Pacha alikwenda kujifunza udereva, akafeli mara moja, akafaulu mara ya pili. Pikapu ikipatikana, dereva ni yeye.

Ya sita ilikuwa mali ya daktari wa mifugo, mama mmoja mrefu aliyekuwa anastaafu. Nozo aliijua, kwa sababu pampu yake ilipita mikononi mwake mara mbili. Ilikuwa na kabini ya milango minne na nyuma chuma kinene cha kufungia trela, maana miaka yote daktari alivuta nayo trela la kubebea ng'ombe.

"Nianze na ubovu wake," daktari alisema kabla hawajaigusa. "Kioo cha nyuma kushoto hakishuki. Kipoza hewa kimekufa. Na kiti cha nyuma kilitafunwa na mbwa. Mbwa si wangu, alikuwa mgonjwa."

"Alipona?" Bibi akauliza.

"Alipona akarudi kukitafuna tena."

Injini ilikuwa ya baridi kama ilivyotakiwa. Nozo aliiwasha, ikaitika mara moja, ikatoa moshi kidogo wa asubuhi kisha ekzosi ikawa safi. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Hakuna mvuke uliotoka kwa fujo. Akalala kwenye boksi lake chini ya chesisi, akapotea kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono.

"Sina la kusema," akasema. Kwa Nozo, hiyo ilikuwa hotuba ya kusifia.

Wote wakamtazama Baba Pacha. Alikuwa ameegemea fimbo yake mbele ya gari, anaiangalia taa moja.

"Rangi yake siipendi," akasema.

"Ni nyeupe, kaka," Nozo akamwambia.

"Ndiyo. Inashika vumbi."

"Sisi tunashinda kwenye makapi ya alizeti. Vumbi litakuwa la kwetu."

"Na tairi hizo sizielewi."

"Nimezibadilisha mwezi uliopita," daktari akasema kwa upole.

Baba Pacha akazunguka gari tena. Akasema gari lililokuwa la hospitali ya wanyama huenda lina harufu. Akachungulia ndani, akanusa, akatoa kichwa. Bibi akageuka kumtazama mkwewe, na Mama Pacha akaona kwamba hata mama mtu ameona. Huyu alikuwa mwanamume anayeweza kukaa nusu saa na bolti moja akijadili kama inafaa. Alipokataa kitu, alikataa kwa sababu. Leo alikuwa anaokota sababu chini.

Mama Pacha hakumbana pale mbele ya watu. Alimwomba daktari kama wangeweza kuijaribu na trela lao, likiwa na mzigo wake.

"Mwenyewe nisingeinunua bila hivyo," daktari akajibu, akampa funguo. "Kesho mchana mnirudishie, mkiwa na jibu."

Kesho yake asubuhi Nozo alilifunga trela kwa mkono wake. Katika miezi ile ambayo kaka yake alikuwa kitandani, alikuwa amelitengenezea breki zake lenyewe, za aina ile ambayo trela likianza kulisukuma gari, zinajikaza. Akafunga na mnyororo wa pili, endapo kiungo kitaachia. Kisha akaketi nyuma na Bibi, kwenye kiti kilichotafunwa. Baba Pacha alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti.

Kwenda kulikuwa raha. Mama Pacha hakuamini jinsi lile gari lilivyovuta. Mlimani, mahali ambapo kagari ka zamani kalilia kwa gia ya kwanza, pikapu ilipanda kwa gia ya tatu bila kuinua sauti. Nozo nyuma alikuwa amefumba macho, anasikiliza injini. Bibi alikuwa anamweleza jambo la jirani, na hakuna aliyemsikiliza.

Wakafika kileleni, pale ambapo barabara inainama kuelekea machimbo.

"Simama," Baba Pacha akasema.

Mama Pacha akasimamisha gari. Akavuta breki ya mkono. Mumewe alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na dashibodi kwa mwingine, na kola ya shati lake ilikuwa imelowa. Alifungua mlango akashuka, akasahau fimbo. Mama Pacha akaichukua, akamfuata. Akamkuta ameketi kwenye jiwe la pembeni.

"Gari halina kasoro," Baba Pacha akasema. "Nilijua tangu jana. Tangu lilipoitika."

"Sasa?"

"Kila moja tuliyokwenda kuiona, nilikuwa naomba iwe mbovu. Ile iliyotoa moshi, wewe ulisikitika, mimi moyoni nilishukuru." Alisugua goti lake. "Nikiliona gari, naliona mtaroni. Nawaona ninyi ndani. Na msimu huu mimi hata usukani sitaushika. Nitakaa tu nitazame."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe uliyekwenda kujifunza gari kwa ajili ya mguu wangu. Mama mwenyewe katoka mtaroni anatafuta kandambili."

Mama Pacha alijizuia, akashindwa, akacheka. Baba Pacha akamtazama kama mtu aliyeonewa, kisha naye kicheko kikamponyoka, cha puani kwanza, halafu cha tumbo zima. Nyuma ya kioo kisichoshuka waliona uso wa Bibi unauliza kuna nini.

"Na mimi naogopa," Mama Pacha akamwambia walipotulia. "Usiku wa kuamkia leo nimeushuka mlima huu kichwani mara kumi."

"Ukafika?"

"Mara saba."

Baba Pacha akatazama mteremko. "Niache nishuke kwa miguu," akasema. "Leo tu. Ninyi nendeni."

"Na mguu wako?"

"Unatakiwa kutembezwa. Hata daktari wa hospitali alisema."

Basi ikawa hivyo. Nozo alijitolea kumsindikiza, lakini kaka yake akamwambia abaki amsikilizie gari. Bibi alipoelezwa alisema magoti yake hayana mpango wa kutembea, yeye anakwenda na gari, na kama mkwewe anaendesha vibaya atamwambia wakifika.

Mama Pacha alitia gia ya pili akiwa bado juu, kama Nozo alivyomfundisha, akaondoa mguu kwenye breki. Injini ikalishika gari. Trela likasukuma mara moja, akausikia msukumo ule mgongoni, kisha breki za trela zikajikaza na msukumo ukaisha. Mshale wa mwendo haukufika thelathini. Akakanyaga breki kidogo, akaachia, akakanyaga tena kidogo. Mtaro ulipita upande wa kushoto, nyasi zimeota ndani yake, na katikati ya nyasi palikuwa na vipande vya taa. Hakuvitazama mara ya pili. Kona ya mwisho ikafunguka, barabara ikalala, na Mama Pacha akagundua kwamba alikuwa amebana meno hadi taya linamuuma.

Aliegesha pembeni. Nozo alikuwa ameshashuka, anapitisha mkono karibu na kila gurudumu, la gari na la trela.

"Vuguvugu," akasema. "Wifi, umeshusha vizuri."

"Kumbe ndiyo umemaliza?" Bibi akauliza. "Mimi nilidhani bado tunaanza."

Mama Pacha akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akabaki hivyo mpaka pumzi zake ziliporudi mahali pake.

Walimsubiri karibu nusu saa. Baba Pacha alitokea konani akichechemea, shati limefunguliwa vifungo viwili. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, akagusisha mgongo wa mkono wake, akauacha pale. Akahamia kwenye la trela. Akainama kutazama kiungo na mnyororo, akautikisa.

"Nilikuwa nawaona tangu juu," akasema hatimaye. "Trela halikuyumba hata mara moja. Nililitazama mpaka chini." Akageuka kuutazama mlima. "Kuna njia nyingine ya kurudi?"

"Hakuna," Nozo akasema.

"Sawa. Kupanda siogopi. Kule ng'ambo nitafumba macho."

Akaingia mbele, akafunga mkanda. Saa saba walikuwa uani kwa daktari wa mifugo, ambaye aliwatazama nyuso akaenda kuleta karatasi za gari bila kuuliza. Baba Pacha alitia sahihi ya shahidi, akamwambia kwamba pikapu ni nzima, rangi itazoeleka, na kama yule mbwa akiumwa tena asipelekwe kwao.

Msimu ulifunguka wiki mbili baadaye. Mara ya kwanza kushuka pale machimbo Baba Pacha alitembea tena. Mara ya pili alishuka ndani ya gari, akihesabu kona kwa sauti, na kila kona alimwelekeza mkewe mambo matatu ambayo alikuwa ameshayafanya. Mama Pacha alimwacha aseme. Mara ya tatu walikuwa wanatoka kwenye shamba kubwa, wamekamua tangu alfajiri, wananuka mafuta kila mmoja. Walipofika kwenye mteremko Mama Pacha alisubiri maelekezo ya mumewe, hayakuja. Akatupa jicho. Mumewe alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, fimbo imeangukia miguuni.

"Usimwamshe," Bibi akanong'ona kutoka nyuma.

Mama Pacha akatia gia ya pili, akashuka taratibu.