Mgongo wa Amne

Ulikuwepo, usijitie hamnazo. Jumapili ile ya Septemba 1998 ulisimama kwenye bustani ya sanamu, safu ya pili, mtoto wako mabegani, na ukasikia kila neno. Wenzako hawakuelewa. Wewe ulielewa. Ukatazama viatu vyako, ukatazama saa, ukaenda kutafuta taxi. Basi leo utasoma mpaka mwisho.

Jumba lile la sanaa liko kijijini, mwendo wa saa moja kusini mwa Durban, viwanda vya Jacobs vikishaisha na miwa ikianza. Zamani lilikuwa bohari la mbolea. Nyuma yake bustani inateremka mpaka kwenye mchanga wa pwani, na siku ile ilikuwa na sanamu sitini hivi; arobaini na moja kati ya hizo zilichongwa na mtu mmoja. Ubao wa getini unasema mahali hapa ni mali ya jamii. Jamii hulipa kiingilio.

Mtu huyo ni Machano. Alifika Jumatatu moja ya Machi 1996 na mfuko wa patasi kumi na saba, baada ya kuchonga milango Unguja kwa miaka ishirini na sita. Katibu wa jumba, Thulisile, alikuwa na fomu mezani na kalamu inayovuja. Alimwuliza kwa Kiingereza yeye ni nani hasa.

"Fundi," alisema Machano, akajigusa kifua.

Thulisile alitabasamu. Kwa Kizulu, umfundi ni mwanafunzi. Akaandika kwamba huyu ni mwanafunzi, akamwonyesha pa kutia sahihi. Chini ya sahihi, kwa herufi ndogo, fomu ilisema kazi za wanafunzi ni mali ya jumba daima, na hazitiwi jina.

Machano akachonga. Mbele ya kila alichochonga pakachomekwa kibao: Kazi ya Mwanafunzi. Vijana wa Westville waliokuja Jumamosi na magari ya baba zao walifundishwa na yeye namna ya kushika nyundo wasijiponde vidole. Fomu zao ziliandikwa wasanii.

Aliyemfungulia macho, mwaka wa pili, ni Bernadette, Mrundi aliyekuwa akifagia jumba na kupika chai, na ambaye Kizulu alikiokota sokoni.

"Papa Machano, mbona kibao kinasema wewe uko mwanafunzi?"

"Mwanafunzi wa nani? Mie?"

"Kinasema vile. Kwa fomu pia iko."

"Khaa! Patasi hizi zimemzidi umri huyo katibu."

Walikwenda wote wawili kwa Mkurugenzi. Aliwasikiliza vizuri, akaomba radhi kwa kosa, akasema fomu imeshatiwa sahihi. Siku ile ya kwanza kosa lilikuwa la Thulisile. Kuanzia hapo likawa la Mkurugenzi, na alilitunza.

Februari 1998 Amne, mke wa Machano, alikufa kwa homa ya mapafu katika chumba chao cha Umbilo. Machano alichukua taruma la reli, mti mgumu uliokwisha kukanyagwa na treni miaka hamsini, akalichonga pale bustanini, na siku ya arubaini ya kifo chake akaweka patasi chini. Milango ya kwao haina nyuso na mkono wake haukuwahi kuchonga uso. Kwa hiyo alimchonga Amne kama alivyomwona kila asubuhi: kwa nyuma, ameinamia jiko, kanga imefungwa kiunoni, kisigino kimoja juu. Upande wa mbele aliuacha taruma tupu lenye matundu ya misumari.

Jumanne iliyofuata sanamu ilisema, "Machano, chai inapoa."

Haikuwa na mdomo, kwa hiyo sauti ilitoka mgongoni, pale palipofungwa kanga. Bernadette alikuwa akizoa majani karibu.

"Hayuko, dada Amne. Iko kwa choo," alijibu, akaendelea kuzoa.

Machano aliporudi alivuta kigogo, akakaa na kikombe chake.

"Bomba la chumbani bado linavuja?" Amne aliuliza.

"Linavuja."

"Nilikwambia uweke ndoo."

"Nimeweka."

"Ndoo ipi?"

"Ya bluu."

"Ile ya kufulia! Ee, Machano."

Ikawa hivyo kila siku wakati wa chai. Jumba likaongeza ubao: Sanamu hii huongea. Tafadhali usiijibu. Wageni wakazidi. Jumapili Thulisile alisimama kando akiwatafsiria kile alichodhani kimesemwa. Siku Amne alipoulizia ndoo ya bluu, wageni waliambiwa kwamba sanamu inasifu rangi ya bahari.

Agosti, hoteli moja ya ufukweni mjini ikataka kuinunua, iwekwe ukumbini karibu na lifti. Machano akarudi ofisini na Bernadette.

"Mwambie arobaini zile nyingine achukue, sizidai," alisema. "Huyu ni mke wangu. Nataka kwenda naye nyumbani."

Bernadette akayatia katika Kizulu, Thulisile akayatia katika Kiingereza. Mkurugenzi akasimama, akampa Machano mkono, akasema maneno machache.

"Amesema nini?"

"Eish, papa," alisema Bernadette. "Anasema hongera. Si kila mwanafunzi kazi yake inafika hotelini."

Ndipo ikaja Jumapili yako. Walikuja kumuaga Amne watu zaidi ya hamsini, na juisi ikagawiwa. Machano alisimama karibu na uzio, kofia mkononi. Watu walipotulia, Amne akasema, polepole, kama mtu anayemsomea mwingine barua:

"Aliyenichonga ni Fundi Machano. Mimi ni mkewe. Sitaki kwenda hotelini."

"Anasema amechongwa na mwanafunzi," alitafsiri Thulisile, "na anafurahi kusafiri."

Watu wakapiga makofi.

"Hapana!" alipaza sauti Bernadette, Kizulu na Kiswahili vikimchanganyikia. "Fundi si umfundi! Hapa banasema umbazi, mchongaji! Hataki kwenda!"

Mlinzi akamshika kiwiko, akamwambia birika linachemka. Jumatatu hakuwa na kazi tena.

Amne akauliza, "Yupo mtu mwingine hapa anayenielewa?"

Akangoja. Ulimsikia akingoja. Kiingereza unacho. Utasema uliogopa kwa sababu ya karatasi zako za ukaazi. Bernadette naye ana karatasi za kuogopea.

Jumanne lori likamchukua. Sasa yuko kando ya lifti, na wageni wa hoteli wamemzoea. Anauliza Machano amekula, anauliza bomba. Watoto huambiwa ni sauti ya kanda. Machano anasimama ng'ambo ya barabara, kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, kwa sababu walinzi wa mlangoni wamekwisha kumjua na hawamruhusu kuvuka kizingiti. Saa za chai anajibu kutoka kule kule, kwa sauti ya kawaida, na magari yanapita katikati. Wenye hoteli wanaona sauti inawachosha watu wanaosubiri lifti. Jumatatu watamgeuza, mgongo ukutani, wauzibe kwa saruji, na upande wa mbele, kwenye yale matundu ya misumari, watafunga simu.

Leo ni Jumamosi. Walinzi wale hawakujui. Inuka hapo ulipokaa. Ingia mlango wa mbele, pita mapokezi, simama karibu na lifti, na neno la kwanza atakalolisema litafsiri kwa sauti, kama lilivyo, wasikie wote. Akisema la pili, litafsiri. Wakikushika kiwiko, endelea kutafsiri. Usitoke humo mpaka Machano avuke barabara aingie ndani. Nenda sasa hivi.